Kumi Juu ya Kumi, Benchi la Alby

Benchi lenyewe si la kujivunia. Ni mbao nne za kijani nje ya kituo cha treni cha Alby, mkono wa kulia ukishapanda ngazi za umeme, na ubao wa mwisho umelegea, kwa hiyo mgeni ndiye hukalishwa hapo mpaka apate uenyeji. Kila Jumamosi saa nne asubuhi wanakutana walewale wanne. Mama Tereza wa Kisii huja na kahawa ya tangawizi, ndiyo maana anaitwa Themosi, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Papy wa Bukavu, anayeunda malori kiwandani Södertälje, ni Injini, kwa sababu akishawaka kumzima ni kazi. Mzee Nasur, Mnubi wa Arua, alikimbia Uganda akiwa mwalimu kijana, akaendesha basi hapa Stockholm hadi akastaafu. Yeye ni Redio, kwa ajili ya sauti yake. Wa nne ni Évariste wa Uvira, ambaye tangu Novemba hakuna anayemwita Évariste. Wanamwita Masta, na Jumamosi hiyo ya Aprili jina lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

— Masta, bado hawajaleta? Mama Tereza aliuliza, akimpa kikombe cha kwanza, maana siku hizi kikombe cha kwanza kilikuwa chake.

— Bado, Mama.

— Siku ngapi sasa?

— Kumi na moja.

— Ai! Kwani wanasahihisha kwa miguu?

Évariste alikunywa haraka akaungua ulimi, na akaona amestahili. Majibu yalikuwa yametoka siku ileile, dakika ileile. Mtihani wenyewe ni ule wa kuingilia masomo ya masta katika chuo kimoja cha biashara huko mjini. Unaufanya kwa Kiingereza, kwenye kompyuta, na ukibonyeza kitufe cha mwisho tu kompyuta inakutolea alama zako bila hata kukuandaa moyo. Chuo kilitaka mia sita. Kompyuta ikampa mia tatu themanini na tano. Namba hiyo alikuwa nayo kwenye simu, mfuko wa kushoto wa koti, na kwa siku kumi na moja alikuwa hausogezi mkono wa upande huo bila sababu.

Alichomwambia mkewe Perpétue ni kwamba mtihani umekwenda vizuri. Basi. Mengine yote Perpétue aliyajazia mwenyewe bila kungoja majibu, akamwambia mchungaji, na mchungaji akasema Jumapili atamwita Évariste mbele ya kanisa zima, mtu wa miaka thelathini na tisa anayebeba wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Tumba, aliyekuwa na shahada ya uchumi ya Bukavu ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili, na sasa anaingia chuo kikuu. Jumapili yenyewe ilikuwa kesho.

— Hawa Wasweden, alisema Mama Tereza, wakienda likizo ya Pasaka hata kompyuta zao zinaenda. Ngojeni Jumatatu, mtaona.

— Mama Tereza, mais non! Papy alikwisha kuwaka. Pasaka iko wapi na ile mambo iko wapi? Miye nitawaambia kweli. Ile mashini iko na mupaka. Mutu wa Alby akipita mupaka, inawaka taa, rouge! Basi banasimamisha kila kitu banauliza, huyu ni nani?

— Taa nyekundu?

— Rouge, Mama. Sasa karatasi yake imetumwa Amerika. Beko banaisahihisha upya, batu tatu, kila mutu na chumba yake, bila kuongea.

— Injini hajakosea sana, alisema Mzee Nasur, na benchi likanyamaza, kwa sababu Mzee Nasur akisema kila neno linatoka limenyooka. Mwaka wa sabini na nane, mtoto mmoja katika darasa langu alipata zote. Zote! Mkaguzi akaja kutoka Kampala kwa pikipiki. Hakuuliza swali hata moja. Alimwambia mtoto, nyosha mikono. Akaangalia vidole, kimoja kimoja.

— Alikuwa anatafuta nini?

— Wino. Alidhani ameandika majibu kwenye vidole. Vilikuwa safi kabisa.

— Sasa mnaona! Papy aliruka, kahawa ikamwagika kwenye suruali. Masta, beko banaangalia vidole vyako kwa kamera! Njo maana banachelewa!

Évariste alicheka. Alijikaza kisabuni akacheka, na kicheko chenyewe kilimtoka kibaya, lakini wenzake walikipokea vizuri kwa kuwa walikuwa wanampenda. Hilo ndilo lililokuwa likimtesa. Wangekuwa wanamsema vibaya angevumilia.

Mzee Nasur alikuwa na mfuko wa plastiki mapajani, mrefu, wa kwa dobi. Ndani yake kulikuwa na koti la suti la rangi ya kijivu. Yeye ni Mwislamu na tangu aje Sweden hajawahi kuingia kanisani, lakini Perpétue alikuwa amempigia simu mwenyewe: Mzee, uje, mchungaji anataka watu wamwone mwalimu. Mzee Nasur akaenda kulichukua koti asubuhi hiyohiyo, akaja nalo benchini ili waliangalie.

— Vifungo nimevikaza mwenyewe, alisema. Sikumpa dobi. Madobi hawajui vifungo.

— Utakaa mbele kabisa, Mzee, alisema Mama Tereza. Mimi nishakuwekea kiti. Na Masta akipata uprofesa asitusahau.

— Profesa gani! Papy alisema. Profesa ni kidogo! Kama amepita mupaka, banamukamata aandike maswali yeye mwenyewe! Atapewa biro, ofisi yake mwenyewe huko Solna, na secrétaire. Ile siku maswali itakuwa ya kwetu: mama iko na mabakuli tano ya foufou na bageni kumi na moja, na kati yao pasta ni mbili. Kila mugeni anakula ngapi?

— Hiyo hata kompyuta haiwezi, alisema Mama Tereza. Pasta mmoja tu anakula bakuli zima.

Walicheka mpaka mtu aliyekuwa akipita na mbwa akageuka kuwatazama. Évariste aliutazama ubao uliolegea, ulikuwa mtupu, akatamani ardhi ipasuke hapohapo immeze, yeye na simu yake.

Kwa sababu kufeli peke yake kusingemtia aibu ya namna hii. Watu hufeli. Kulikuwa na jambo jingine chini yake, na hilo alikuwa hajamwambia mtu, hata usiku kwa Mungu alikuwa analizunguka.

Jambo lilikuwa hivi. Tangu Novemba walikuwa wakifanya mazoezi hapa. Évariste alinunua kitabu kinene cha mitihani ya majaribio, akakileta benchini siku ya kwanza aonyeshe tu, na Mzee Nasur akakipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akasema, hiki mimi nitakusomea. Miaka arobaini na kitu hakuwa na darasa. Ikawa ndio utaratibu: kila Jumamosi maswali kumi, Mzee anasoma kwa sauti, swali na majibu matano, A mpaka E, Évariste anajibu, na Papy anaandika alama kwa kalamu ya wino ndani ya jalada. Baridi ilipokaza walihamia ndani, kwenye viti vya mbele ya duka la dawa, na wateja wakawa wanasimama kusikiliza.

Alama za Novemba zilikuwa tano, nne, sita. Desemba zikawa saba, nane. Januari tisa. Kuanzia Februari ni kumi juu ya kumi, kumi juu ya kumi, jalada limejaa makumi.

Na ilikuwa Januari, siku ya theluji nyingi, Évariste alipogundua kwamba hasikilizi swali. Alikuwa anamsikiliza Mzee. Kwa jibu la uongo sauti ya Mzee Nasur ilikuwa inapanda kidogo mwishoni. Kwa jibu la kweli ilikuwa inashuka, taratibu, kama mtu anayetua mzigo, halafu kinafuata kipumzi kidogo cha puani. Kila mara. Mzee mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa anayaandaa maswali nyumbani siku moja kabla, anatazama majibu nyuma ya kitabu na kuyatia alama ndogo ya penseli, kwa kuwa mwalimu haingii darasani bila kuandaa somo.

Évariste angeweza kusema siku hiyo. Angesema tu, Mzee, nipe kitabu nisome mwenyewe. Lakini Papy alikuwa ameandika tisa ya kwanza na kuibusu kalamu, na Mzee Nasur alikuwa amesimama, amemshika bega, akasema, unaona, unaona? Tisa ile ilikuwa tamu. Akanyamaza. Akanyamaza Februari nzima na Machi nzima, kila Jumamosi akiwa anakunja uso kana kwamba anapiga hesabu kichwani, na alikuwa hapigi hesabu yoyote. Alikuwa anangoja kipumzi.

Kisha ikafika siku ya chumba kile cha mjini, wakampa vizibo vya masikio ili asisumbuliwe na mtu. Alisoma A, B, C, D na E, na zote tano zilikuwa na sauti moja, yake mwenyewe, na haikujua chochote.

— Jambo yenu, ilisema sauti nyingine juu ya kichwa chake, pale benchini. Samahani, ninyi ndio benchi la Tonton Évariste?

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne hivi, mkoba mgongoni, masikio mekundu kwa baridi. Akajitambulisha: Aurore, anakaa Hjulsta, shangazi yake anaimba kwaya moja na Mama Perpétue. Ametoka mwisho wa njia ya bluu ya treni hadi huku karibu na mwisho wa njia nyekundu kwa sababu ameambiwa Alby kuna tonton, mjomba mmoja, amemaliza mtihani ule, na yeye anaufanya Mei.

— Kaa, kaa, alisema Mama Tereza, na Aurore akakaa penyewe, kwenye ubao uliolegea, ukalia.

— Asså, nataka kuuliza tu njia, alisema, Kiswidi kikimponyoka. Mimi nyumbani nafanya mitihani ya majaribio kwenye kompyuta, ile mirefu. Narudia na kurudia. Sipandi. Katika kumi napata tano, siku nzuri sita. Shangazi ameniambia Tonton alikuwa anapata kumi juu ya kumi, liksom, kila mara?

— Kila mara! Papy alikichukua kitabu, ambacho Mzee bado alikuwa anakibeba kila Jumamosi, na kumfungulia jalada. Angalia. Dix, dix, dix, kumi tupu. Miye njo nimeandika. Nyumbani iko kosa yako, binti yangu. Nyumbani hakuna batu. Akili inataka batu!

— Na kahawa, alisema Mama Tereza.

— Na mwalimu, alisema Mzee Nasur, na hakulisema kwa majivuno, alilisema kwa haya, akinyoosha mfuko wa koti mapajani.

— Sisi wenyewe tumekuwa wakali, alisema Mama Tereza. Mimi niliachia darasa la saba, lakini siku hizi namjibia Masta kimoyomoyo na napata. Si uongo. Hata huyu Injini anapata.

— Miye nawaza kufanya masta pia, alisema Papy.

— Naweza kuona mnavyofanya? aliuliza Aurore. Hata swali moja?

Évariste alimnyooshea Mama Tereza kikombe aongezewe. Kilikuwa hakijaisha.

Mzee Nasur alimpa Papy mfuko wa koti aushike, akavaa miwani, akafungua kitabu mahali palipokuwa na alama za penseli. Aliketi wima. Alisoma kwa Kiingereza, Kiingereza kilichopigwa pasi, na maana yake ilikuwa hivi: duka limepandisha bei ya koti kwa asilimia ishirini, kisha likaishusha bei hiyo mpya kwa asilimia ishirini, bei ya mwisho ikoje ukilinganisha na ya mwanzo?

— A. Ni ileile. B. Imezidi kwa asilimia nne. C. Imepungua kwa asilimia mbili. D. Imepungua kwa asilimia nne. E. Haiwezi kujulikana.

Aurore alikuwa ameshatoa karatasi na bado anaandika mia moja juu yake.

— D, alisema Mama Tereza, akipuliza kahawa.

— D, alisema Papy.

Aurore alimaliza hesabu, akainua kichwa.

— Ni D kweli! Mama, umepiga kwa kichwa?

— Ai, mambo ya bei hayo. Sisi wa sokoni.

— Lingine, alisema Papy, amevimba kifua. Mzee, muletee ile ya nguvu.

Mzee Nasur alifunua kurasa. Évariste aliona kidole chake kikitafuta alama ya penseli na kuikuta. Alitaka kusema Mzee, acha.

— Kama n ni namba kamili iliyo kubwa kuliko sifuri, ni ipi kati ya hizi ambayo siku zote inagawanyika kwa mbili? A. n jumlisha moja. B. n mara n. C. n mara n, jumlisha n. D. n mara tatu. E. n mara mbili, jumlisha moja.

— C, alisema Mama Tereza.

— C kabisa, alisema Papy.

Aurore safari hii hakuandika. Alikuwa anamtazama Mama Tereza.

— Mama, n ni nini?

— Sijui, mwanangu. Si mtu wa kwenye kitabu?

— Sasa umejuaje kama ni C?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyetoka mbali kutafuta njia na sasa anataka aonyeshwe. Mama Tereza alimtazama Papy. Papy alimtazama Évariste. Évariste alitazama viatu vyake.

— Inasikika tu, Mama Tereza alisema mwishowe, taratibu, kama anayelisikia neno hilo yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mzee akifika penyewe, si anapumzika?

Chini treni ilifika, watu wakapanda ngazi, wakapita mbele yao na mifuko ya dukani, wakaisha. Mzee Nasur alikuwa hajainua macho kwenye kitabu. Alirudia kusoma kimya, midomo ikicheza, A, B, C, na alipofika C Évariste aliona mabega yake yakishuka, na Mzee mwenyewe akahisi yameshuka. Akavua miwani.

— Bon, alisema Papy, ile ni bahati tu, batu banabahatisha...

— Injini, zima, alisema Mzee Nasur.

Papy akazima. Katika miaka yote ya benchi lile ilikuwa mara ya kwanza.

— Masta, alisema Mzee, halafu akajirekebisha. Évariste. Na wewe ulikuwa unasikia?

Na hapa bado angeweza kukana. Angesema hapana, mimi nilikuwa napiga hesabu, na Mzee angemwamini. Angemwamini mara moja na angevaa koti lake kesho.

— Nilikuwa nasikia, Mzee.

— Tangu lini?

— Januari. Ile siku ya tisa.

Mzee Nasur alitikisa kichwa polepole, akikubali, kama anavyokubali mtu anayepewa tarehe.

— Na mtihani?

Évariste alitia mkono mfuko wa kushoto. Hakuitafuta simu, mkono ulikuwa unajua njia. Aliifungua, akampa Mzee Nasur, na kwa kuwa Mzee alikuwa hana miwani, ikabidi aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Mama Tereza, mbele ya Papy, mbele ya mtoto wa watu aliyesafiri saa nzima kuja kumwona.

— Mia tatu themanini na tano. Walitaka mia sita. Majibu nilipata palepale, siku ileile. Nimewadanganya siku kumi na moja. Ninaona aibu, Mzee. Ninaona aibu mpaka sijui niweke uso wapi.

Mama Tereza alisema Yesu wangu, kwa sauti ndogo. Papy alikuwa bado ameshika mfuko wa koti, ameunyanyua usiguse chini, hajui aushushe au la.

— Kule Arua, alisema Mzee Nasur, tulikuwa tunasomesha imla. Mtoto akikosa maneno matano anachapwa. Si mimi niliyekuwa nachapa, ni mwalimu mkuu. Basi nikifika kwenye neno gumu nilikuwa navuta, navuta mpaka walisikie herufi kwa herufi. Darasa langu lilikuwa halichapwi. Watu walisema Nasur anajua kufundisha.

Aliufuta uso wake kwa kiganja.

— Na mimi niliamini. Miaka yote hiyo niliamini. Sasa nakumbuka mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja mtihani wa mwalimu mwingine, na hapo darasa langu lilikuwa linaanguka. Sijui kwa nini sikuwahi kulifikiria hili.

— Mzee, si kosa lako, alisema Évariste. Mimi nilijua. Wewe hukujua.

— Wewe ulijua, ndiyo, alisema Mzee, na hakumlainishia. Ulijua na ukaniacha nikaenda kwa dobi.

Hilo lilimwingia Évariste kuliko mia tatu themanini na tano. Macho yakamjaa, akayaacha yajae, kwa sababu kujificha alikuwa amechoka.

Aurore alikuwa amekaa kwenye ubao wake kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

— Samahani, alisema. Mimi niliuliza tu.

— Umeuliza vizuri, alisema Mzee Nasur. Sisi tumekaa hapa majira yote ya baridi, watu wazima wanne, hakuna aliyeuliza.

Akafunua kitabu mpaka nyuma, kurasa za mtihani wa mwisho, ambazo zilikuwa nyeupe, hazina penseli. Huo alikuwa hajauandaa. Akakifunga kidole kikiwa ndani, akamnyooshea Évariste.

— Maswali kumi. Soma mwenyewe, kwa macho. Aurore, mwanangu, mpe kalamu na karatasi. Themosi, angalia saa, dakika ishirini. Na ninyi, mtu asikohoe.

— Sasa hivi, Mzee? Hapa?

— Wapi tena?

Évariste akahama. Alimwomba Aurore nafasi, akakaa yeye kwenye ubao uliolegea, na Aurore akasogea katikati, kwenye jua. Akaanza kusoma.

Dakika ishirini zile, wanaopita Alby kila Jumamosi wataapa kwamba hawajawahi kuona mfano wake. Benchi zima kimya. Mama Tereza ameshika simu kwa mikono miwili anatazama sekunde. Papy amejiziba mdomo kwa kiganja, jasho linamtoka katika baridi ile. Mzee Nasur aligeuza hata kichwa, akatazama upande wa mlango wa kituo, ili asije akapumua vibaya. Na Évariste aliandika, akafuta, akaandika tena. Mara mbili alijikuta ananyanyua sikio. Hapakuwa na kitu. Akarudi kwenye karatasi.

— Muda, alisema Mama Tereza.

Aurore alisahihisha, akitazama nyuma ya kitabu na kurudi, nyuma na kurudi. Alama akaiandika pembeni. Alimpa karatasi mwenyewe.

Évariste aliisoma. Angeweza kumnong'oneza Mzee. Akasimama.

— Nne, alisema, kwa sauti ya kutosha hata mwenye mbwa, aliyekuwa akirudi, asikie.

Papy alikuwa na kalamu na jalada limefunguka mapajani. Aliyatazama makumi yake yote, yaliyopangwa vizuri, moja chini ya jingine.

— Niandike? aliuliza. Quand même, hata hivyo, Mzee... nne?

— Andika.

Akaandika. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini aliandika, nne, chini ya makumi. Mzee Nasur akaitazama ile nne.

— Novemba ulipata tano, alisema. Kwa hiyo tunajua tulipo. Mei ni lini, Aurore?

— Wiki tano, Mzee.

— Na kurudia kunaruhusiwa?

— Kunaruhusiwa.

— Haya. Mtakaa wawili, mtasoma kwa macho. Mimi nitakuja, lakini kitabu sitakishika.

Akachukua mfuko wa koti kutoka kwa Papy, akaulaza tena mapajani, akaunyoosha. Mama Tereza aliinamisha themosi juu ya kikombe chake. Yakatoka matone mawili na punje za tangawizi, basi.

— Na kesho, Mzee? aliuliza polepole. Kile kiti?

— Kiti kikae palepale, alisema Mzee Nasur. Nitakuja. Siendi tena kama mwalimu. Naenda kwa sababu huyu akisimama kule mbele aseme alichosema hapa, asikose angalau uso mmoja anaoujua.

Akamrudishia Évariste simu yake. Simu ikatikisika mkononi mwake, na wote wakaona jina kwenye kioo, Perpétue, na ujumbe: shati jeupe au la bluu? Aliusoma. Halafu hakuandika jibu; alipiga, akaweka simu sikioni, hakusogea pembeni, akabaki palepale kwenye ubao uliolegea, na benchi zima linamsikia.

— Allô, Perpétue. Acha shati kwanza.